Lori Lililovuka Reli kwa Betri

Voi, Jumanne, 1956

Mimi karani ndiye niliyesema petroli itatosha kutufikisha stesheni, nayo ikatuishia juu ya reli, lori limejaa marobota ya katani, treni inalia upande wa Ndara. Nilishafungua mlango niruke.

Mzee Mwakio, dereva wetu, akaingiza gia ya kwanza, akakanyaga stata ya kuwashia injini na hakuiachia. Injini haikuwaka, lakini lori likajikokota kwa nguvu ya betri peke yake mpaka tukavuka!

Na betri yenyewe ni kisanduku kidogo kuliko debe. Mungu wangu.

Nikamuuliza: tukifunga betri nyingi, si tutafika Mombasa bila petroli?

Akafikiri sana. "Tutafika, karani. Lakini katani tutaipakia wapi?"