Unga wa Mbao Umeiva

Ruponda, Jumanne, Rajabu 1953

Sikukasirika, kwa kuwa mtani hakasirikiwi. Lakini mtani wangu Saidi alinijia na kijinga cha moto, akitaka kuliteketeza rundo langu la unga wa mbao nililolitoa kwenye kiwanda cha kupasulia magogo.

"Shehe, limeota uyoga, limekuwa jeupe kama ndevu zako! Nichome kipi kwanza?"

Waliokuwapo wakacheka, nami nikacheka, ingawa nilikuwa na hofu. Mwaka jana niliutia unga kama huo shambani ungali mbichi, miche yangu yote ya mikorosho ikageuka njano na kufa. Miche ya mwaka huu ikifa tena, sitakuwa na shamba la kuwaachia wanangu.

Nikachota konzi moja, nikamtilia kiganjani. Uyoga umekwisha kukila kile kinachoukaza mti; umebaki ulaini, na harufu ya udongo ulionyeshewa.

"Haukuoza, Saidi. Umeiva."

Akanusa, akanusa tena. Kisha akakichomeka kijinga mchangani, akajaza mapakacha mawili na kuondoka nayo, kwa haki ya utani, bila hata kuniaga.

Alhamdulillahi. Kesho napanda, inshallah. Mtani hachukui takataka.