Mkono wa Kulia

Jumanne, kambini

Shingo inawaka tangu nitoke hospitali Kigoma, na bado sijampa daktari jibu.

Anasema anaweza kunipasua kwa mbele, hapa kooni, atoe kinachobana mishipa ya fahamu na kuunganisha mifupa kwa chuma. Au nivae kola ya kushikilia shingo, nifanye mazoezi, niache kubeba kuni kichwani, tusubiri. Kisu kinaweza kuniharibia sauti. Kusubiri kunaweza kuninyima mkono. Na mume wangu Elia anarudia yaleyale, kwamba malori ya kurudi Burundi hayangoji mgonjwa.

Lakini kilichoniudhi ni kikombe. Daktari aliniambia nimpe kikombe cha maji. Nikampa kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kama tunavyompa mtu mkubwa kitu kwetu.

"Hapana, mama. Mkono mmoja tu."

Mkono mmoja! Kama namtupia mbwa. Nikajaribu. Kikombe kikaanguka, maji yakamlowesha viatu.

Jioni nikampelekea mama mkwe uji, kiwiko nimekishika vilevile. Akawageukia majirani: "Mnaona? Mkwe wangu ana heshima." Nikatabasamu tu. Masikini, anasifu ugonjwa.

Hata sasa ninavyoandika, mkono wa kushoto umeushikilia wa kulia, na humu ndani hakuna mkubwa wa kumheshimu.

Kesho namwambia daktari apasue. Malori yakitaka, yaniache.