Nyumba Zilizoelea

Chofu, 29 Machi

Dada Fumino mpendwa,

U hali gani huko Matsuyama? Mgongo wa mkweo umepata nafuu? Na mtoto, bado anakupiga mateke kila ukijilaza? Sisi huku ni wazima. Baba anaendesha basi la asubuhi kama kawaida, na Mama analalamika kwamba kwenye jiko la shule wanachemsha kabichi mpaka inasahau ilikuwa kabichi. Mimi nimemaliza shule tarehe tisa. Jina langu lilipoitwa niliitika kwa sauti ndogo hata mwalimu akaniita mara ya pili, kwa hiyo ujue sijabadilika. Jumatatu ninaanza kazi kwenye kile kiwanda cha kuchapisha vitabu karibu na kituo cha treni. Maua ya cheri upande wa mto yamefunguka nusu.

Sasa nikuambie jambo lenyewe kabla woga haujanirudisha kwenye habari za maua. Nilimdanganya Babu. Nilimdanganya sikioni, tukiwa tumekaa bega kwa bega, na kwa sababu ya uongo wangu mtu mwema aliaibishwa mbele ya ukumbi mzima. Hapa nyumbani hakuna anayejua. Nimekuwa nikikuandikia barua hii kichwani kwa karibu wiki mbili.

Lakini ili uelewe, lazima kwanza nikuambie habari ya macho yake. Babu haoni vizuri tena, Dada, na si uzee wa kawaida kama Baba anavyodhani. Katikati ya kila anachokitazama pana doa la kijivu. Kingo tu ndizo zilizobaki. Mlango anauona, kikombe anakiona, ngazi anapanda bila kushikwa mkono. Uso hauoni, maandishi hayaoni. Nilitambua mwezi wa Desemba, nilipomkuta akilikemea koti la Baba lililotundikwa ukutani kwa kuchelewa kurudi nyumbani. Aliniomba nisiseme, maana Baba akijua atamfungia visu na misumeno yake kabatini, na Babu bila misumeno, alisema, ni mzee tu kama wazee wengine. Basi nikawa namsomea gazeti asubuhi, na watu wote wakaona nimekuwa mjukuu mwenye adabu.

Bila shaka umesikia kwamba studio imeitengeneza upya filamu "Bahari Yapanda". Ile ya Babu ina miaka hamsini na mmoja sasa. Unakumbuka tulivyokuwa tukiitazama kila mwaka mpya, yeye akisimamisha mkanda ili tuhesabu vigae? Vigae elfu kumi na moja vya paa za ule mji mdogo wa kuigiza, vyote alivikata kwa mkono wake, kila kimoja kidogo kuliko ukucha. Na kuta za plasta alizozichanja mistari kwa nyuma, ili wimbi likifika zivunjike vizuri. Alikuwa akisema nyumba ya filamu hujengwa ikianzia siku yake ya kufa. Studio waliwaalika wote waliobaki wa ile filamu ya kwanza, wako sita tu, waje kuitazama mpya kabla haijatoka, na baada ya hapo kila mmoja aseme neno jukwaani. Aliyetengeneza maji na nyumba za filamu mpya ni Bwana Mikuriya, yule mwanafunzi wa Babu aliyekuwa akituletea machungwa. Babu alimfundisha miaka kumi na mmoja. Ana mvi siku hizi, lakini Babu bado anamwita "yule kijana".

Kwenye foleni mabishano yalianza hata kabla milango haijafunguliwa. Bi Hamako, aliyeshona nguo za kuanikwa za ule mji wao mdogo, mashati ya urefu wa kidole, alikuwa akimwambia kila mtu kwamba wa siku hizi wanatengeneza bahari wakiwa wamekaa kwenye viti mbele ya kompyuta, lakini wao walilowa mpaka nguo za ndani. Babu akamjibu, "Wewe ulilowa wapi, Hamako? Ulikuwa juu ya ngazi unatutukana." Nyuma yetu walikuwapo vijana wawili wa chuo. Mmoja alisema polepole kwamba ile ya zamani ni kama mtoto anayecheza na vigari vya bati kwenye beseni la kuogea. Bi Hamako akageuka na kumwuliza kama yeye alipokuwa mtoto beseni lake lilikuwa na foleni ya magari mia mbili, kila moja na namba zake. Kijana akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa na aibu kana kwamba nilisema mimi.

Tulikaa safu ya nyuma kabisa, pembeni. Babu alinishika mkono wa sweta akaniambia, "Hadithi nitaisikia mwenyewe. Wewe niambie maji tu, na nyumba." Ndivyo nilivyofanya. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo maishani mwangu, na mtu wa mbele yetu aligeuka mara tatu.

Nitakuambia ukweli, Dada, kama ninavyouona mimi. Ile ya zamani ina mikono ndani yake. Unaona shati dogo kwenye kamba na unajua kuna mtu alilishona akilifikiria. Lakini watu wake wanapiga kelele mno, na yule daktari anahutubia juu ya paa kwa muda mrefu hata unatamani maji yafike. Hii mpya haina hotuba, ila muziki wake haunyamazi, na msichana mkuu ana nywele safi mpaka mwisho. Nusu ya kwanza niliona Bi Hamako ana haki yake. Kisha maji yakaja.

Hayakuja kama ukuta mweupe mrefu, kama ya Babu. Yalikuja meusi, mafupi, bila haraka, yakiingia mjini kama mtu mwenye ufunguo. Na nyumba hazikuvunjika. Zilinyanyuka. Moja baada ya nyingine ziliacha misingi yake na kuondoka nzima, na vigae vyake na mapazia yake, zikigongana polepole kwenye kona ya barabara. Nililia. Nilikuwa na miaka sita mwaka ule wa tsunami, unakumbuka Mama alivyozima televisheni nilipoingia chumbani, lakini nilikuwa nimekwisha kuona. Ilikuwa hivi hasa.

Babu akanivuta mkono. "Nyumba je?" aliuliza. "Nyumba zinafanyaje?"

Nikafikiria vile vigae. Nikafikiria mistari aliyoichanja nyuma ya kuta zote zile, na kwamba nikimwambia alichokionyesha Bwana Mikuriya, nitakuwa nimemwambia kwamba kazi ya maisha yake ilikosewa na mwanafunzi wake ameisahihisha mbele ya watu. Nikasema, "Zinavunjika, Babu. Zinavunjika vizuri, kama zako."

Akaniachia mkono. Mimi nilidhani ametulia.

Filamu ilipokwisha wale sita waliitwa jukwaani. Nilimfikisha kwenye ngazi, akapanda mwenyewe wima kama askari, nami nikarudi kitini. Wengine walisema maneno ya heshima. Bi Hamako alisema nguo za kwenye kamba hazikuwa na mikunjo, na nguo iliyofuliwa kwa mkono lazima iwe na mikunjo, watu wakacheka. Kipaza sauti kikamfikia Babu. Akasema, "Mikuriya, kazi yako ni safi. Lakini nyumba zako bado zinavunjika kama biskuti. Baada ya yote tuliyoyaona mwaka ule, umeliiga kosa langu na kulirudia. Nilikutegemea zaidi ya hapo."

Watu wote walikuwa wameziona zile nyumba zikielea dakika ishirini zilizopita. Niliona wanatazamana, mwanamke mmoja aligusa kichwa chake kwa kidole, kumwonyesha mwenzake kwamba mzee ameanza kupotea. Bwana Mikuriya alisimama katika safu ya mbele. Angeweza kusema neno moja tu, na lingekuwa la kweli. Lakini mwanafunzi hamsahihishi mwalimu wake mbele ya watu, nawe unamjua Bwana Mikuriya. Aliinama mpaka sikukiona tena kichwa chake, akasema, "Nimesikia, Mwalimu. Nitajifunza upya."

Nami nilikuwa nyuma kule, nimekaa na mkoba wa Babu mapajani. Nilitaka kusimama. Sikusimama.

Kwenye treni tulivuka stesheni nne. Kisha Babu akaanza kuniambia, bila kunielekea. Alisema mwaka ule alikaa mbele ya televisheni siku tatu. Siku ya pili aliona nyumba inapita barabarani na taa ya barazani bado imetundikwa, na hapo akajua kwamba yeye na mafundi wote wa rika lake walikuwa wamewadanganya watu, si kwa ubaya, bali kwa sababu nyumba inayovunjika inapendeza machoni. Tangu hapo hakuitazama tena filamu yake. Nilikuwa nadhani tuliacha kuitazama kwa sababu mashine ya mikanda iliharibika. Alimwandikia Bwana Mikuriya kadi ya posta yenye maneno mawili: haivunjiki, inaelea. Hakupata jibu. Mikuriya naye aliendelea kuleta machungwa, na hakuna kati yao aliyeitaja kadi. "Mambo ya kazi hujibiwa kwa kazi," Babu alisema. "Basi nikawa naisubiri filamu hii. Miaka kumi na mitatu. Leo amenijibu."

Dada, hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Filamu ile ilikuwa jibu lake, na mimi nililigeuza lilipokuwa likipita mdomoni mwangu.

Siku tano sikusema. Kumwandikia yeye siwezi, hawezi kusoma, na wewe unajua kwamba mimi jambo zito lisipoandikwa halinitoki. Siku ya sita, wakati wa kumsomea gazeti, nilifungua ukurasa wa sinema na habari yenyewe ikawa pale. Mwandishi aliuliza kama ilikuwa na haja ya kuitengeneza tena filamu ambayo watu wanaipenda. Alisema nusu yake haikuwa na haja. Lakini kwa sababu ya nyumba zile, aliandika, nyumba zinazoondoka nzima kama watu wanaoaga, filamu mpya imepata haki yake ya kuwapo. Ningeweza kuruka mistari ile. Nilikwisha kuruka mingine siku zilizopita, habari za magonjwa na za wenzake waliofariki. Safari hii nilisoma yote, polepole, mpaka nukta.

Babu alikuwa ameshika kikombe cha chai. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Kisha nikasema, "Na mimi niliona hivyo hivyo, Babu. Nilikudanganya."

Hakukasirika. Aliniuliza sababu, nikamwambia. Akasema, "Kumbe ulinionea huruma," na aliposema hivyo niliona bora angenipiga. Akaweka kikombe chini, akasema nianze tena tangu maji yalipoingia, na safari hii nisimpe zawadi. Nilimweleza kila kitu. Aliuliza kama mapazia yalibaki. Yalibaki. Aliuliza nyumba zilianza kugeuka kabla ya kuondoka au baada. Kabla, nikasema, zilitikisika kwanza upande mmoja. Akapiga goti lake, akasema, "Ehe. Ehe. Msingi unaachia upande mmoja. Kijana ameliona hilo." Sijapata kumwona na furaha kama ile tangu Bibi alipokuwa hai.

Kisha akaniambia nimpigie simu Bwana Mikuriya. Nilimwambia nitaeleza mimi, kosa ni langu. Akainua mkono kuninyamazisha. Na unajua alimwambia nini? Alimwambia, "Mikuriya, nisamehe. Siku ile nililala. Taa zilipozimwa tu nikalala kama mtoto, na jukwaani nikasema maneno ya usingizi. Leo mjukuu wangu amenisimulia." Akasikiliza. Kisha akauliza kama kadi yake ya zamani ilifika. Mimi nilikuwa karibu, nikasikia jibu. Bwana Mikuriya alisema ilifika, na ameibandika juu ya meza yake ya kazi, na jua limekwisha kuufuta wino lakini hajaiondoa. 

Basi habari imeenea kwamba Babu alilala. Bi Hamako alipiga simu kumcheka: "Tokuzo, maji yote yale na hukulowa hata kope?" Baba anasimulia kituoni kwa madereva wenzake, na juzi mezani alisema Babu atalala hata kwenye mazishi yake mwenyewe, Mama akamwambia huko ndiko anakotakiwa kulala. Babu anacheka nao. Lakini wewe unajua kwamba walipoipiga filamu ile ya zamani alikaa macho siku tatu mfululizo akilinda plasta isipate unyevu, na kwamba hakuna sifa aliyoipenda kama hiyo. Ameitoa sadaka ili mtu asiulize nani alimsimulia vibaya. Macho yake nayo amekubali kuyapeleka kwa daktari mwezi ujao, mradi niende naye mimi, na Baba ataambiwa na Babu mwenyewe baadaye, kwa namna yake.

Ukija Agosti na mtoto kuwakumbuka wafu wetu, Baba atakusimulia kisa hiki, na atakutazama akisubiri ucheke. Cheka, Dada. Usinitazame mimi wakati huo. Nilitaka kuwaambia watu wote ukweli, nikamwomba Babu ruhusa, akasema jambo lenyewe si langu peke yangu tena kulitoa. Kwa hiyo nimekupa wewe tu. Tafadhali lisifike kwa Baba, wala kwa shemeji, wala kwa mkweo. Ukishaisoma barua hii, iweke mahali ambapo hakuna anayefungua.

Msalimie shemeji, na umshike mkweo miguu kwa niaba yangu. Mama anasema usibebe ndoo.

Mdogo wako akupendaye,
Kozue