Tanuru Lako na Siri Uliyomwachia Espoir

Mama,

Wiki tatu zilizopita mwanao Espoir nusura atulipue. Aliziba bomba la kupumulia la tanuru lako, akalishindilia kuni, akaingia ndani kunywa chai. Na unajua niliyemkasirikia kwanza, hata kabla sijajua kama tutapona? Ni wewe. Nilisema nitangoja hasira ipoe ndipo nikuandikie. Haijapoa. Basi naandika nayo hivyo hivyo.

Najua ungesema, "Riziki, mutoto wangu, punguza sauti." Sipunguzi.

Tulipohamia nyumba hii ya kukodi, huku nyuma ya Minto ambako mitaa inakwisha na mashamba ya farasi yanaanza, mimi niliona uani kibanda cha bati chenye bomba la moshi. Wewe uliona shodieri, tanuru la kuchemshia maji. Miaka kumi na minne ulichochea kuni kwenye shodieri ya masista kule Bukavu ili hospitali ipate maji ya moto ya kufulia mashuka, na hapa Sydney walikuwa wamekufanya mtu wa kukaa kwenye kochi na kusubiri darasa la Kiingereza. Ulifungua ule mlango wenye kutu, ukaingiza kichwa chote, ukatoka na masizi hadi kwenye nyusi. Sikuwa nimekuona ukicheka hivyo tangu tulipotoka kambi ya wakimbizi.

Mwenye nyumba alisema tanuru linakula kuni bure, nyumba haipati joto. Hukubisha. Ulingoja asubuhi ya baridi kali, ukaniita dirishani. Nyasi zote zilikuwa nyeupe kwa sakitu, isipokuwa mstari mmoja wa kijani, umenyooka kama rula, kutoka kwenye tanuru hadi ukutani kwetu.

"Unaona? Anapasha udongo," ukasema. "Bomba zake ziko uchi."

Tulichimba wiki nzima, wewe, mimi na Espoir. Tukayafukua mabomba mawili, moja la kupeleka maji ya moto ndani, jingine la kurudisha yaliyopoa. Ukayavika sponji nene, ukayapitisha ndani ya bomba kubwa la plastiki ili maji ya mvua yasiyaguse. Ukabadilisha pampu. Ukatoa hewa kwenye radieta za ukutani zinazopasha vyumba joto, moja baada ya nyingine, mpaka zikaacha kukoroma. Kisha akaja fundi bomba mwenye leseni kukagua, maana sheria ya hapa inataka sahihi yake. Maswali yote akamwuliza Espoir. Wewe ulikuwa umesimama katikati yao na spana mkononi! Espoir, ambaye hakujua hata pampu inasukuma maji upande gani, akawa anakugeukia, unamnong'oneza, naye anatafsiri. Fundi akamaliza, akampa Espoir mkono: "Good job, mate." Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Mimi sikucheka. Bado sicheki.

Mimi ulinifundisha kila kitu. Kuni zikauke mwaka mzima, na zisiwe mbao zenye rangi. Maji yasishuke chini ya alama. Na lile bomba dogo juu ya paa lake lisizibwe kamwe, kwa sababu tanuru hili halikuundwa kubana mvuke. Maji yakichemka lazima mvuke upate pa kutokea. "Hii shodieri inapumua," ulisema. "Ukimufunga pua, anakuua." Maneno hayo uliniambia mimi. Kwa nini hukumwambia Espoir? Eti yeye ana kazi ya ghalani, anachoka. Na mimi, niliyekuwa nageuza wazee vitandani kwenye nyumba ya kuwatunzia tangu saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa sichoki?

Halafu ikaja baridi ya ile lockdown ndefu ya korona. Unaikumbuka: helikopta ya polisi juu ya paa, kibali cha kwenda kazini kwenye simu, kijiti puani kila baada ya siku tatu. Ukaanza kukohoa. Nikakuuliza.

"Ni moshi tu."

Kesho yake nikauliza tena. "Kuni mbichi, Riziki. Ni moshi."

Kuni mbichi! Wewe, ambaye hujatia kuni mbichi kwenye moto tangu nikujue! Pale pale nilipaswa kujua. Na mfukoni mwa sare nilikuwa na kile kidude cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni. Kutwa nzima nilikuwa nakibana kwenye vidole vya mama za watu. Cha kwako sikukigusa.

Siku ya tano nilirudi saa tisa alasiri, nikakukuta umekaa juu ya gogo, shoka miguuni, midomo imekuwa ya zambarau. Nikakubana kidole. Namba niliyoiona sitaiandika hapa. Nikapiga simu ya ambulansi, na wewe ukasema, "Ngoja nifunge mulango ya moto kwanza." Hilo ndilo neno lako la mwisho nililolisikia bila simu katikati yetu.

Mimi na Espoir tuliugua kidogo, tukapona. Wewe nilikuona wiki mbili kwenye kioo cha simu iliyoshikwa na muuguzi Mkenya, aliyekuwa akikusemesha Kiswahili sikioni. Mungu ambariki yule dada. Kisha mazishi ya watu kumi, barakoa usoni, kuimba marufuku. Kwaya yako yote ilikuwa majumbani, inatutazama kwenye simu. Tulikufukia kimya kama watu wanaoficha kitu.

Mwaka mzima sikuligusa tanuru. Tulilala na makoti. Baridi iliporudi tena, Espoir akaliwasha bila kuniuliza. Akaona mvuke unatoka kwenye lile bomba dogo, akadhani maji yanapotea bure, akalifunika kwa kizibo cha chuma na kukikaza kwa spana yako. Mimi nilikuwa natoka kazini. Nilipofungua geti nikasikia tanuru linagonga, du, du, du, na mvuke unafoka kwenye viungo.

Sikulikaribia. Nilikimbilia ndani, nikazima swichi ya feni inayopuliza moto, pampu nikaiacha izunguke, nikafungua radieta zote na madirisha yote ili joto lipate pa kwenda. Nikamshika Espoir kwa shati, kikombe bado mkononi, nikamburuta hadi ng'ambo ya barabara, kwenye ua wa farasi wa jirani. Nikawaita wazimamoto. Walipofika, kishindo kilikuwa kimeanza kupungua. Mkubwa wao akauliza ni nani aliyezima feni na kuacha pampu. Nikasema ni mimi. Akauliza nimejifunza wapi.

"Kwa mama yangu," nikasema. Nilitaka kulia. Badala yake nikamgeukia Espoir.

Nilimfokea mbele ya wale wanaume wote. Nilimwita mjinga, nikamwita muuaji. "Kwa nini hukuuliza? Mdomo unao wa nini?"

Naye, Espoir wako mpole, akapaza sauti ambayo sijawahi kuisikia. "Nimuulize nani? Mama hakunifundishaka kitu! Wewe alikupa kazi. Mimi alinipa siri!"

Siri gani? Ndipo akaniambia. Kwamba alikukuta bafuni unatetemeka kwa homa siku ile ya kwanza, nawe ukamwapisha kwa jina la marehemu baba asiniambie. Kwamba yeye ndiye aliyekuletea dawa za homa, akazificha kwenye buti la gari. Kwa sababu nikijua ningekupima, na nikikupima tungefungiwa ndani siku kumi na nne, wazee wangu wangekosa mtu wa kuwahudumia, na yeye alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa rasmi.

Uliamua peke yako, Mama. Uliogopa wazee wangu watakosa mikono yangu, hukuogopa kwamba mikono hiyo hiyo ingewapelekea ugonjwa! Ulikuwa na binti anayejua dalili zote, chumba cha pili tu, ukaenda kumwapisha mtoto asiyejua chochote. Na yeye akatii, kwa kuwa wewe ni mama. Mwaka mzima amekaa nami mezani. Kila nilipolia nikisema laiti ningejua, yeye alikuwa anajua. Alikuwa ananyanyuka, anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Siku tisa sikumsemesha. Nilikuwa namwachia chakula jikoni kama mpangaji. Siku ya kumi nilirudi nikamkuta uani. Alikuwa amekitoa kile kizibo, amemwaga maji yote ya tanuru, amejiingiza nusu mwili ndani, anasugua masizi na kulia kwa sauti, akidhani yuko peke yake. Nilisimama pale na mkoba wangu. Hasira ilikuwepo, sikudanganyi. Lakini nilimwona jinsi alivyo: mtu aliyembebea mama yake mzigo mpaka mgongo ukapinda, na dada yake akaja kumwongezea jiwe.

Nikachukua brashi nyingine.

Mwenye nyumba alitaka tanuru ling'olewe. Nikamwomba amlete kwanza fundi mwenye leseni. Alikuja yule yule, akamwelekea Espoir kama kawaida yake. Nikamwambia aniulize mimi. Akauliza, nikajibu, kila swali. Tumebadilisha viungo vilivyovuja, na kwenye lile bomba dogo Espoir ameandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: USIZIBE. Tumeliwasha Jumamosi. Ndani kuna joto.

Mama, nakuaga sasa, maana mazishini sikukuaga. Nilikuwa nahesabu nani amesimama karibu na nani. Lala. Pumzika na Baba. Ninakuahidi Espoir nitamfundisha kazi yako yote, hata ile uliyodhani ataichokea. Ninakuahidi pia kwamba sitamwapisha mtu yeyote juu ya ugonjwa wangu, hata uwe mafua.

Msamaha bado. Usiusubiri mlangoni. Hasira yangu kwa Espoir nimeitua, kwa sababu yeye yu hai na ingemvunja. Ya kwako nimebaki nayo. Nimeona afadhali niikasirikie maiti kuliko mtu ninayekula naye.

Binti yako anayekupenda,
Riziki