Mama wa Mboga wa Gatina

Mbula, siamini. Nimetoka Gatina sasa hivi.

Si unajua mama yangu alikufa mwaka wa sabini na sita, tukiwa watoto mtaani Gatwekera, na hakuacha hata picha moja? Miaka yote hii nikijaribu kumchora, sura haiji.

Leo nimeona mama mmoja anauza mboga kando ya kanisa. Uso ni ule ule. Nikakaa ng'ambo ya barabara, nikaanza kumchora.

Akanishtukia. Akaja akaniuliza, "Nani amekuruhusu unichore?"

Nikamwambia, "Unafanana na mama yangu."

"Mimi si mama yako." Akararua karatasi. Mbula, ameirarua nikiangalia.

Kinachoniudhi zaidi, hana makosa.

Lakini nilikuwa nimebakisha macho tu.