Ukurasa wa Yakobo

Mjukuu wangu Neema,

Huku Kisauni tu wazima, ila magoti ya babu yako yanamsumbua. Umeniandikia kwamba karani wa kanisa amekutumia picha za kitabu cha ubatizo, na ukurasa wenye jina la babu yangu Yakobo haumo. Wiki mbili sasa nashika kalamu na kuiweka chini.

Nilikuwa nimeposwa na babu yako. Kabla ndoa haijatangazwa kanisani, karani wa wakati huo alinipa kitabu nitafute jina langu, aniandikie cheti. Nikafunua kurasa za nyuma, nikamkuta Yakobo: "Mtoto aliyekombolewa utumwani. Baba hajulikani." Wakwe zangu walikuwa watu wa kuuliza ukoo. Karani alipotoka kupiga kengele, niliunyofoa ukurasa nikautia kifuani.

Nilidhani naficha aibu yangu. Kumbe yule mzee alikuwa na mistari miwili tu ya kuonyesha kwamba aliishi, nami nikamnyang'anya.

Ukurasa nimeutia humu. Ukija, urudishe wewe, mimi naogopa. Babu yako hajaambiwa mpaka leo, na sasa hivi amesimama mlangoni, anauliza namwandikia nani.

Nyanyako