Amani ya Ansab na Hamriya

Ansab, Maskati

Kwa kaka yangu Loai,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nataraji barua hii itakukuta mzima na baridi ya Amerika haijakumaliza. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi hauna maradhi. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye kundi la familia Mama husoma kila kitu, na hili sitaki alisome.

Kampeni yako tunaifuata; kumbe Mama kukuzaa huko huko Amerika kulikuwa na maana yake. Juzi televisheni ilitaja wanaowania urais kupitia chama chako, na wewe ukatiwa katika fungu la "Wengineo". Mara akaonyeshwa mgombea mwengine anahutubia, na nyuma ya bega lake likachomoza sikio. Mama akaapa kuwa ni lako, akapiga vigelegele. Nilisikitika, kaka, maana kati yao wote ni wewe peke yako unayetaka vita visimamishwe.

Sasa nikwambie ya ile video. Uliniomba nimrekodi Mama na dada yake, Khalati Nouf, wamekaa pamoja, kwa kuwa umewaambia hao wapiga kura wako wasiopenda vita kwamba umelelewa na dada wawili wasiopandishiana sauti. Ni kweli, hawapandishiani. Hawasemezani kabisa tangu harusi yangu, Mama alipomwalika dada yake kwa ujumbe wa simu badala ya kumfuata nyumbani kwake Hamriya. Tulikuficha tusikutie unyonge ugenini.

Nilimwambia Mama kuwa bila ya video utashindwa kura za mchujo. Akanuna kutwa, kisha akajifukiza udi, akavaa, nikampeleka. Mlangoni nilidhani atageuka. Khalati alifungua. Mama akasema, "Nouf, nimekuja kukualika."

Na harusi yenyewe imeshazaa mtoto anayetembea. Khalati alimtazama Mama, akalia, akamwambia aingie, halwa iko tayari. Nami nililia hata nikasahau kurekodi.

Tulipokwisha kunywa kahawa niliwaonyesha hotuba yako. Walijivuna, si kidogo. Halafu Khalati akataka kujua ukishinda itakuwaje. Nikamweleza kuwa majeshi yote yatakuwa chini yako. Akaweka kikombe.

"Masouda, mtoto huyu kuku hajui kuchinja," alimwambia Mama. "Akishakaa kwenye kiti kile, kila vita wataviita vyake."

Mama akaongeza kuwa rais hata kuja kumzika mama yake hawezi bila ya kujaza mtaa askari. Wakawa wamekubaliana, jambo ambalo mimi sikuwahi kuliona hata kabla ya harusi. Wakainua mikono, na hapo ndipo nilipokumbuka kuwasha kamera.

Video niliyokutumia ni hiyo. Umenijibu kwamba wasaidizi wako waliirusha hewani kabla hujapata nafasi ya kuisikiliza, na kwamba watu wamelia kuona mabibi wawili wanavyomwombea mtoto wao. Jana televisheni ilikutaja kwa jina lako. Umetoka kwa Wengineo.

Basi sina budi kukwambia kabla hajatokea Mzanzibari wa huko anayekijua Kiswahili chetu akakwambia yeye: wanaomba ushindwe. Wanakutaja wewe na jina la Baba na la babu, Mola asije akamkosesha mtu mwengine. Wanaomba ushindwe kwa heshima, urudi salama, uowe. Wapiga kura wakikuuliza, sema ni dua ya amani. Hutakuwa umewadanganya.

Usiwakasirikie, kaka. Ulichokuwa ukikitafuta Amerika nzima kimepatikana Hamriya, na wewe ndiye uliyekisababisha. Tuna hamu nawe mno.

Mama anakusalimu, na Khalati anakusalimu, wote kutoka kochi moja. Mume wangu na mwanangu pia wanakusalimu. Na ile sauti ya mwanamke asiyeonekana, inayoitikia "amina" kwa nguvu kuliko wao wawili, ni yangu.

Nduguyo akupendaye,
Ruba